Habari za Mstari Mnyoofu na Mihimili Miwili

Hakuna kazi ya hesabu iliyo nyepesi zaidi machoni pa mwanafunzi wa sekondari kuliko ile ya kuchora mstari mnyoofu juu ya mihimili miwili: hupewa mlinganyo, tuseme y = 2x + 3, akaandika jedwali dogo, akatia 0 mahali pa x akapata 3, akatia 1 akapata 5, akatia 2 akapata 7, kisha akazipanga nukta zake katika karatasi ya miraba, akalaza rula, akapiga khati, na kazi ikawa imekwisha kabla kengele ya kipindi haijalia. Kwa kuwa kazi yenyewe ni nyepesi hivi, watu wengi hudhani kwamba ndiyo iliyotangulia, na kwamba mambo mazito ya duaradufu na mipindo mingine yalifuata nyuma yake, kama yalivyopangwa katika vitabu vya shule. Tarikhi inashuhudia vingine kabisa. Wanazuoni walishughulika na mipindo mizito kwa karibu miaka 2000 kabla ya yeyote kuuandikia mstari mnyoofu mlinganyo wake, na wale walioona kwamba jambo hili jepesi lastahili kuthibitishwa na kufundishwa kwa utaratibu hawajapata sifa inayolingana na kazi waliyoifanya.

Wa kwanza kutajwa ni watu wa falaki na jiografia, kwa sababu wao ndio waliozoea mapema kulijua kila jambo mahali pake kwa namba mbili. Katika karne ya 2 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, Ptolemy wa Iskandaria, ambaye Waarabu walimwita Batlamyus, alitunga kitabu cha jiografia ambamo aliorodhesha miji, rasi na milango ya mito ipatayo 8000, na kila mahali akapaandikia digrii zake za longitudo, zikihesabiwa kutoka visiwa vya magharibi vilivyodhaniwa kuwa ukingo wa dunia inayokaliwa na watu, na digrii zake za latitudo, zikihesabiwa kutoka mstari wa ikweta. Pwani yetu nayo imo katika orodha hiyo, kwani Rhapta, bandari ya biashara ambayo wataalamu wangali wakiitafuta mpaka leo katika ufuo wa Tanzania, imewekwa na Ptolemy kusini ya ikweta kwa namba zake mbili, sawa na Iskandaria au Roma. Hata hivyo namba zile hazikuwa na neno baina yao. Longitudo ya Rhapta haikuiamuru latitudo yake iwe nini. Kila mji ulisimama peke yake kwa namba zake, na palipokuwa hapana uhusiano baina ya namba mbili hapakuwa na mlinganyo wowote wa kuchorwa.

Baada ya Ptolemy, mwenye kunishangaza kuliko wote ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika Baitul-Hikma zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 mpaka 833. Huyu ndiye aliyetunga kitabu cha al-jabr ambacho kwacho ilimu nzima ya aljebra ilipata jina lake, na huyu huyu ndiye aliyetunga kitabu cha sura ya ardhi, ambamo alizisahihisha namba za Ptolemy na kuandika longitudo na latitudo za mahali 2402. Mtu mmoja, basi, alikuwa navyo vitu viwili mezani pake, milinganyo upande mmoja na majira ya mahali, yaani zile namba mbili, upande wa pili, naye hakuvikutanisha. Sababu yake si upungufu wa akili, maana akili yake ilikuwa pana kuliko za wengi waliokuja baadaye. Sababu ni kwamba katika al-jabr kile kisichojulikana kilikuwa kitu kimoja kilichojificha, cha kutafutwa mpaka kionekane, kama vile fungu la mrithi katika masuala ya mirathi ambayo kitabu chenyewe kimeyashughulikia kwa urefu, na kikiisha kuonekana shughuli imekwisha. Mlinganyo wenye visivyojulikana viwili, ambao majibu yake hayana ukomo, ulihesabiwa kuwa suala lisilokamilika. Kuona kwamba katika huko kutokukamilika ndimo ulimo mstari mzima, nukta baada ya nukta, kulihitaji fikira ya namna nyingine, na fikira hiyo ilikawia miaka 800.

Lakini njia ilikuwa ikisogea. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima juu ya namna ya kupata majira ya miji, akikusudia hasa kuujua upande wa Kibla kwa yakini. Omar Khayyam wa Nishapur, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi tu, aliifumbua milinganyo ya daraja ya 3 kwa kukutanisha mipindo miwili na kuangalia mahali inapokatana. Alimkaribia Descartes, ambaye tutamfikia mbele, kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zile, ila naye alianza na mlinganyo wenye kisichojulikana kimoja na kuutumia mchoro kama chombo cha kukipata.

Huko Ulaya, fikira ya kwamba kiasi kinachobadilika chaweza kuonyeshwa kwa mchoro ilijitokeza bila ya aljebra yoyote. Nicole Oresme, padri na mwanachuoni wa Paris aliyefariki mwaka 1382 akiwa askofu wa Lisieux, alilaza khati moja kuwakilisha muda, na juu ya kila nukta ya khati hiyo akasimamisha khati ya wima yenye urefu wa kadiri ya kasi ya kitu kwa dakika ile. Akaonyesha kwamba kitu kikiongeza kasi yake sawasawa, vilele vya khati zile za wima hujipanga katika mstari mnyoofu unaopanda, na kwamba eneo lililo chini ya mstari huo ndio masafa yaliyokwendwa. Nasema bila ya kusitasita kwamba kuna uzuri mkubwa katika mchoro huo. Mwendo, ambao hauonekani isipokuwa kwa kupita kwake, umetulizwa katika umbo la pembetatu ambayo mtu aweza kuitazama kwa utulivu na kuipima. Kilichokosekana ni herufi za kuuandikia, maana Oresme alikuwa na mstari usiokuwa na mlinganyo wake, kama vile al-Khwarizmi alivyokuwa na milinganyo isiyokuwa na mistari yake.

Herufi zilipatikana mwaka 1591, wakati François Viète, mwanasheria na mshauri wa wafalme wa Ufaransa, alipopiga chapa kitabu chake kidogo cha aljebra na kuweka kanuni kwamba visivyojulikana viandikwe kwa irabu, A, E na nyinginezo, na vinavyojulikana viandikwe kwa konsonanti. Kabla ya hapo kila suala liliandikwa kwa namba zake lenyewe, na mwenye kufumbua suala moja alikuwa hajafumbua lile la jirani yake. Tangu hapo mtu aliweza kuandika mlinganyo mmoja unaosimama badala ya milinganyo yote ya namna yake.

Basi sasa tumfikie mtu ambaye kwa ajili yake hasa nimeishika kalamu. Pierre de Fermat hakuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Toulouse, kusini mwa Ufaransa, tangu mwaka 1631 mpaka alipofariki mwaka 1665, na ilimu ya namba aliifanya kwa mapenzi katika nafasi iliyobaki baada ya kesi za watu. Alikuwa amejitia katika kazi ya kukiunda upya kitabu kilichopotea cha Apollonius wa Perga, Myunani wa zama za kale aliyeandika juu ya mikato ya pia, yaani koni, na katika kuyakusanya masalio ya kitabu hicho kwa kutumia herufi za Viète alitambua neno ambalo halikuwa limetamkwa na yeyote kabla yake kwa uwazi ule: kwamba kila mara visivyojulikana viwili vinapokutana katika mlinganyo mmoja, ncha ya kimojawapo huchora mstari, ama mnyoofu ama uliopinda. Kile ambacho watu wa al-jabr walikiacha kwa kuwa hakikamiliki, yeye alikifanya kuwa msingi.

Tena hakukimbilia mipindo. Alianza na kilicho chepesi kuliko vyote. Alichukua khati iliyolala, akaweka juu yake nukta N iliyo thabiti, akapima kutoka hapo urefu A mpaka nukta Z, na kutoka Z akasimamisha urefu E mpaka nukta I kwa pembe iliyojulikana, ambayo alisema aghalabu ataifanya kuwa pembe mraba; kisha akaandika kwamba D mara A ni sawa na B mara E, nasi leo tungeandika dx = by. Hoja yake ni fupi na haina shaka. Ikiwa mlinganyo huo ni kweli, uwiano baina ya ule urefu uliosimama na ule uliolala haubadiliki hata ukienda mbali kiasi gani. Pembetatu zote zinazofanyizwa hivyo zinafanana, pembe yao iliyo penye N ni moja kwa zote, na kwa hiyo I haina pa kuwa isipokuwa juu ya mstari mmoja mnyoofu utokao N. Kisha akaongeza kiasi kingine kinachojulikana katika mlinganyo, akaonyesha kwamba mstari unabaki kuwa mnyoofu, ila umehama mahali. Hapa ndipo ilipozaliwa kazi anayoifanya mwanafunzi wetu kabla kengele haijalia.

Risala alimoyaeleza hayo, iliyoandikwa kwa Kilatini, haikupigwa chapa katika uhai wake. Barua aliyompelekea mwanahesabu Roberval mnamo Septemba 1636 inathibitisha kwamba njia yake alikwisha kuwa nayo, na mwaka 1637 nakala za mkono zilikuwa zikipita mikononi mwa wanahesabu wa Paris. Lakini walimwengu hawakuisoma katika kitabu mpaka mwaka 1679, mwanawe alipotoa mkusanyiko wa maandishi yake, miaka 14 baada ya mauti yake. Kuchelewa huko ndiko kulikomnyima jina.

Maana mwaka ule ule wa 1637, katika mji wa Leiden, Uholanzi, kilitoka kitabu cha René Descartes juu ya njia ya kuiongoza akili, na mwisho wake ikaambatishwa risala ya jiometri, ambayo kwa ajili yake mihimili yetu mpaka leo inaitwa ya Descartes. Sitaki kumpunguzia mtu mkubwa haki yake. Ni yeye aliyetuwekea desturi ya kuandika x, y na z kwa visivyojulikana na a, b na c kwa vinavyojulikana, ni yeye aliyeandika vipeo kwa namba ndogo ya juu, na nguvu ya akili iliyomo katika risala ile haina mfano wake. Walakini mwenye kuifungua akitaraji kuona mihimili miwili inayokatana, iliyotiwa namba kushoto na kulia, hataiona hata katika mchoro mmoja. Descartes hakuchukua mlinganyo akauchorea nukta. Alichukua suala gumu la jiometri alilolirithi kwa Pappus wa Iskandaria, akalivunja kwa aljebra. Mstari mnyoofu ameugusia kwa maneno machache njiani, kama mtu asiyeona haja ya kusimama. Tena aliandika kwa kuficha, na mwisho wa kitabu alikiri kwamba mengine ameyaacha kwa makusudi ili wajao wapate furaha ya kuyavumbua wenyewe. Ile hadithi ya kwamba alilala kitandani akitazama nzi anayetembea darini, akafikiri namna ya kupajua mahali pake kwa umbali wa kuta mbili, hupendwa sana na walimu, lakini katika maandishi yake mwenyewe haimo, na risala yake inaonyesha kwamba fikira zake zilipita njia nyingine kabisa.

Waliokifanya kitabu hicho kisomeke ni Waholanzi. Frans van Schooten, mwalimu wa hesabu Leiden, alikifasiri kwa Kilatini mwaka 1649, kisha akakitoa upya baina ya mwaka 1659 na 1661 kikiwa kimezungukwa na maelezo ya wanafunzi na marafiki zake kiasi cha kuzidi kitabu chenyewe kwa wingi wa kurasa. Miongoni mwa nyongeza hizo imo kazi ya Jan de Witt, aliyoiandika angali kijana na ambayo ilipochapwa yeye alikuwa amekwisha kuwa kiongozi mkuu wa dola ya Uholanzi. De Witt alikaa kitako akauhoji mlinganyo wa daraja ya kwanza kwa saburi: y ikiwa ni fungu fulani la x, mstari unatoka wapi na kwenda wapi, likiongezwa kiasi c, unahamia wapi, likipunguzwa, inakuwaje, y ikiwa ni c iliyotolewa fungu la x, mstari unashukaje. Kila hali aliipa mchoro wake na hoja yake, ndipo akaendelea mpaka mikato ya pia. Mimi naihesabu kazi hii kuwa kitabu cha kwanza cha shule katika jambo letu, kwa mpangilio wake ikiwa si kwa makusudi ya mtungaji. Mwaka 1672, majeshi ya Ufaransa yalipoivamia nchi na hasira za raia zilipowageukia watawala wao, De Witt na nduguye Cornelis waliuawa na umati wa watu katika mji wa The Hague.

Hali zile nyingi za De Witt zilitokana na upungufu mmoja, nao ni hofu ya namba hasi. Kwake y = 2x + 3 ulikuwa mstari unaoanza penye mhimili, kwenye urefu wa 3, ukaenda upande mmoja tu; nusu yake nyingine, inayoshuka kuelekea kushoto na kuukata mhimili wa mlalo penye hasi moja na nusu, haikuwepo machoni pake. John Wallis wa Oxford alianza kuiondoa hofu hiyo, na Newton, katika risala ya mwaka 1704 alimopanga mipindo ya daraja ya 3 katika aina 72, aliitumia mihimili miwili na kuchora katika robo zote nne bila ya kusita. Jina la majira, kwa Kilatini, lilikwisha tiwa na Leibniz tangu mwaka 1692. Euler akayakusanya yote katika kitabu chake cha mwaka 1748.

Pamoja na utajiri huo wote, mstari mnyoofu ulikuwa bado hauna mlango wake katika vitabu. Wakubwa waliuruka, kwa kuwa kwao ulikuwa dhahiri mno. Aliyeurudisha mbele ya darasa ni Gaspard Monge, mwana wa mchuuzi wa Beaune, na sababu yake ilikuwa ni kazi ya ualimu. Mwaka 1794, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, iliasisiwa Paris shule iliyokuja kuitwa École Polytechnique ili ilipe taifa wahandisi wa ngome, madaraja na mizinga, nao vijana walioingia hawakuwa wanafalsafa wenye kutaka siri za Pappus. Walikuwa watu waliohitaji kujua mara moja mstari upitao katika nukta fulani kwa mteremko fulani una mlinganyo gani, mistari miwili inakutana wapi, na lini inasimama kwa pembe mraba. Monge akawaandikia mambo hayo kwa aljebra tupu, na Lacroix, aliyekuwa mwanafunzi wake, akayatia katika vitabu vya kufundishia vilivyoenea haraka, na wengine wakamfuata katika miaka michache. Katika zama hizo ndipo mstari ulipopata sura tunayoijua: namba moja ya kueleza mteremko wake, na namba ya pili ya kueleza ni wapi unaukata mhimili wa wima. Mwenye ngalawa anayetoza shilingi 3 za kupakia na shilingi 2 kwa kila maili ana mstari wake humo, na mwenye kuusoma ataona bila ya kuuliza ipi ni ada ya kupakia na ipi ni nauli ya safari.

Imebaki habari ya karatasi, ambayo wanahistoria wa fikira huidharau, nami naona si haki. Karatasi iliyopigwa chapa ya miraba ilianza kuuzwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, katika zama zile zile ambazo William Playfair alitoa, mwaka 1786, kitabu chake cha kuonyesha biashara za nchi kwa michoro. Lakini kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha wahandisi na watu wa maabara. Aliyeipigania iingie mikononi mwa watoto ni John Perry, mhandisi wa Ireland aliyewahi kufundisha Japani, ambaye mwaka 1901 katika mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow alidai kwamba mtoto apewe karatasi ya miraba mapema, achore, apime na aone, kabla ya kutwishwa mzigo wa hoja za Euclid. Mwaka uliofuata E. H. Moore wa Chicago alimuunga mkono mbele ya wanahesabu wa Marekani, na Wajerumani chini ya uongozi wa Felix Klein walipitisha mageuzi ya namna hiyo mwaka 1905. Hivi ndivyo grafu ilivyopata kuwa somo la kila mtoto, na kwa njia hiyo ilikuja Afrika ya Mashariki pamoja na mitihani ya Cambridge; ikatiliwa nguvu na vitabu vilivyoandikwa katika mikutano ya hesabu ya Entebbe iliyoanza mwaka 1962, na tangu mwaka 1967, Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, mtoto wa Lindi na wa Kigoma akajifunza majira ya nukta kwa lugha yake.

Kwa hayo yote, naona mihimili ingali ya Descartes kwa jina, na sina nia ya kuigombania. Lakini mstari mnyoofu wenyewe, mlinganyo wake na uthibitisho wake, ni wa Fermat. Nawaomba walimu wa hesabu, watakapoandika y = mx + c ubaoni, wamtaje mwanasheria huyo wa Toulouse, na baada yake De Witt na Monge.